Uvimbe wa Kuzaliwa Nao Shingoni mwa Mtoto: Mwongozo kwa Mzazi na Mlezi

Uvimbe wa majimaji unaojitokeza shingoni mwa mtoto kutokana na hitilafu ya ukuaji tumboni mwa mama ni maradhi yanayotibika, na kwa watoto wengi hutibika mara moja kwa maisha yote, ilmradi upasuaji wa kwanza ufanywe na mtu anayejua uvimbe huo umeanzia wapi na unaishia wapi. Sharti hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kitakachoelezwa hapa. Mtoto aliyepasuliwa ipasavyo mara ya kwanza hurudi shuleni akiwa na kovu jembamba lililojificha kwenye mkunjo wa ngozi, ilhali yule aliyetumbuliwa kana kwamba ana jipu, au aliyeondolewa kifuko cha juu pekee na kuachiwa shina lake, huweza kukaa miaka akienda na kurudi hospitalini na kidonda kisichokauka. Kila upasuaji unaofuata huwa mgumu kuliko uliotangulia, kwa kuwa kovu hugandisha pamoja nyama, mishipa ya damu na neva, hata mpasuaji hodari akapata taabu kuvitenganisha.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mzazi aliyegundua uvimbe wa namna hii ni kuzuia mtoto asiguswe na kisu kabla ya wakati na kabla ya kumpata mtu anayestahili. Kazi hiyo inahitaji maarifa machache tu, nayo yako ndani ya uwezo wa mzazi yeyote.

Chanzo cha uvimbe

Katika wiki ya nne ya mimba, wakati kiinitete hakijafikia hata urefu wa sentimita moja, tezi dundumio huanza kuumbika kwenye shina la ulimi. Hii ndiyo tezi inayokaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, na kutoa homoni zinazosimamia ukuaji wa mwili na wa ubongo. Madaktari wengi huiita thairoidi. Kutoka kwenye shina la ulimi tezi hiyo husafiri kushuka shingoni hadi mahali pake, ikiacha nyuma mfereji mwembamba ambao kwa kawaida hujifunga na kutoweka kufikia takriban wiki ya kumi. Sehemu ya mfereji isipotoweka, seli za ukuta wake huendelea kutoa ute, ute hukosa pa kutokea, na kidogo kidogo hujikusanya kuwa kifuko. Huu ndio uvimbe wa kuzaliwa nao unaoonekana mara nyingi kuliko mingine yote katikati ya shingo ya mtoto.

Jambo moja katika safari hiyo lina uzito wa pekee. Njia ya tezi hupita mahali palepale na wakati uleule ambapo mfupa wa hioidi unaumbika. Hioidi ni mfupa mdogo wenye umbo la herufi U, ulio chini ya kidevu, unaoshikilia misuli ya ulimi. Kwa sababu vitu hivi viwili hukua vikiwa vimegusana, mabaki ya mfereji huweza kupita mbele ya mfupa, nyuma yake, au kupenya ndani yake, na juu ya mfupa mfereji huweza kugawanyika katika vijitawi vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Anayeondoa kifuko bila kugusa mfupa ameacha shina.

Aina ya pili hutokea ubavuni mwa shingo. Kiinitete cha wiki ya nne na ya tano huwa na matao yaliyopangana pande zote mbili za shingo, yakitenganishwa na mifereo. Ni katika matao hayo taya, sikio, mifupa ya koo na misuli ya uso huumbika. Mfereo mmoja usipofunikwa sawasawa, mtoto huzaliwa na kifuko, au na kitundu kidogo mno kinachotoa ute. Mara nyingi sana, yapata tisa kati ya kila kumi, kosa huwa kwenye mfereo wa pili, na dalili yake hupatikana kwenye ukingo wa mbele wa ule msuli mnene unaoteremka kwa mshazari kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua. Mama wa mtoto mwenye kitundu kama hicho aghalabu huona kwanza kola ya nguo ikilowa bila sababu. Kitundu huonekana cha juujuu, lakini mfereji wake huweza kupanda kati ya matawi mawili ya ateri kuu ya shingo na kuishia karibu na findo la kooni. Mfereo wa kwanza ukiwa ndio wenye kasoro, uvimbe hukaa karibu na sikio au kona ya taya, jirani na neva inayoendesha misuli ya uso. Na kasoro za mfereo wa tatu au wa nne, ambazo ni adimu na hupendelea upande wa kushoto, hujitokeza kwa majipu yanayorudiarudia chini ya shingo.

Aina ya tatu ni hitilafu ya mishipa ya limfu, yaani mishipa inayorudisha kwenye damu maji yaliyovuja kutoka kwenye tishu. Mishipa hiyo isipoungana vizuri huvimba na kuwa mkusanyiko wa vifuko laini, mara nyingi ubavuni na nyuma kidogo ya shingo, na watoto wengi wenye hali hii hujulikana wakiwa wamezaliwa tu au kabla ya kutimiza miaka miwili. Iko pia aina ya nne, iitwayo dermoidi, ambayo ni kifuko cha ngozi kilichonaswa ndani wakati pande mbili za mwili zilipokuwa zinaungana. Hiki hukaa katikati, huwa kigumu kidogo, na kuondolewa kwake kwa kawaida ni rahisi.

Hakuna chochote katika maelezo haya kinachomhusu mama kwa lawama. Uvimbe huu hautokani na chakula alichokula, kazi aliyoifanya, ugomvi wa nyumbani, wala jicho la mtu. Mabaki madogo ya mfereji wa tezi yamekutwa kwa watu wazima waliochunguzwa baada ya kufa, takriban 7 kati ya kila 100, na wengi wao hawakuwahi kusumbuliwa nayo. Ni vyema baba na wakwe walisikie hili mapema, kwa maana mama anayeshutumiwa huuficha uvimbe wa mwanawe chini ya kanga, na mtoto hucheleweshwa.

Kumchunguza mtoto nyumbani

Mzazi anaweza kujua mengi kwa kumketisha mtoto mahali penye mwanga, shingo wazi, bila kuubinya uvimbe. Kwanza atazame kama uvimbe uko katikati kabisa au ubavuni. Ukiwa katikati, mtoto apewe maji ameze, kisha aambiwe autoe ulimi nje kadiri awezavyo. Uvimbe wa mfereji wa tezi hupanda juu katika vitendo vyote viwili, kwa kuwa umeshikamana na mfupa wa hioidi na shina la ulimi, ilhali dermoidi kwa kawaida haisogei ulimi unapotolewa. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na madaktari bingwa wenyewe hukitumia, ingawa hakitoshi peke yake.

Ukiwa ubavuni, laini na usio na maumivu, mzazi anaweza kuzima taa na kuumulika kwa tochi kutoka upande mmoja; uvimbe wa limfu hupitisha mwanga na kung’aa kwa wekundu hafifu. Aidha akumbuke historia yake: ulionekana lini, umekua kwa kasi gani, na kama uliongezeka mtoto alipopata mafua. Vifuko vingi vya kuzaliwa navyo hukaa kimya kwa miaka, kisha hujitokeza ghafla baada ya mafua au mafindofindo, na ndiyo maana uvimbe uliokuwapo tangu kuzaliwa huweza kuonekana mara ya kwanza mtoto akiwa na umri wa miaka mitano au zaidi.

Si kila uvimbe wa shingo ni wa kuzaliwa nao, na kwa Afrika Mashariki tahadhari hii ni ya lazima. Mitoki ya shingo huvimba kwa maambukizi ya meno, ya ngozi ya kichwa na ya koo, na mingi hurudi yenyewe. Kifua kikuu cha mitoki huleta uvimbe kadhaa ulioshikana, usiouma sana, unaodumu kwa wiki nyingi, pengine pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, hasa nyumba ikiwa na mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu. Virusi vya UKIMWI navyo huvimbisha mitoki, kwa hiyo kipimo chake ni sehemu ya kawaida ya uchunguzi na hakipaswi kuonewa haya. Saratani ya mitoki ya watoto, ikiwamo ile ya taya ambayo mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, hukua kwa kasi kubwa, na kila wiki inayopotea ina gharama. Uvimbe mgumu, usiosogea, unaokua ndani ya wiki chache, au ulio juu tu ya mfupa wa mtulinga, unahitaji rufaa ya haraka bila kusubiri.

Mtoto anayepumua kwa sauti ya mkoromo akiwa macho, anayeshindwa kumeza mate, anayebadilika rangi ya midomo au mwenye homa kali na shingo iliyovimba na kukakamaa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mtoto mchanga mwenye uvimbe mkubwa wa shingo ni wa kundi hilihili, kwa sababu njia yake ya hewa ni nyembamba na uvimbe wa limfu ukivuja damu kwa ndani huweza kuongezeka ukubwa kwa muda mfupi sana.

Mambo ya kukataa

Katika jamii nyingi za mwambao na bara, uvimbe wa shingo hupelekwa kwanza kwa mzee anayejua dawa, nao hupakwa majani, huchanjwa chale, huchomwa kwa chuma cha moto au hukandwa kwa maji ya moto. Katika sehemu kadhaa za Tanzania bado wako watoto wanaokatwa kimeo kwa kila tatizo la koo. Mzazi anaweza kumheshimu bibi aliyeshauri hivyo na wakati huohuo akamkatalia kwa upole, akieleza kwamba kifuko hiki kina shina linalopanda hadi kwenye ulimi au karibu na ateri kuu, na kwamba moto au wembe wa juu haulifikii, bali huingiza vijidudu na kuacha kovu litakalomtatiza mpasuaji.

Hatari ya pili, isiyosemwa sana, hutoka ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Kifuko kilichopata maambukizi huvimba, huwa chekundu na kuuma, na mhudumu mwenye nia njema akadhani ni jipu la kawaida akalipasua. Usaha hutoka, mtoto hupata nafuu, na baada ya wiki kadhaa kitundu kinachovuja hubaki pale. Njia iliyo bora ni kutuliza maambukizi kwa dawa za viuavijasumu, na usaha ukiwa mwingi kuunyonya kwa sindano badala ya kukata, kisha kusubiri uwekundu na ugumu viishe kabisa, jambo linalochukua takriban wiki sita, ndipo upasuaji kamili upangwe. Usaha ukiwa unatishia njia ya hewa, bila shaka utatolewa kwa namna yoyote inayookoa maisha. Nje ya hali hiyo, mzazi ana haki ya kuuliza, kwa adabu na bila woga, kama uvimbe huu wa katikati ya shingo unaweza kuwa wa kuzaliwa nao na kama inafaa mtoto apewe rufaa kabla ya kupasuliwa.

Vipimo na swali lisiloachwa

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, ambacho hutumia mawimbi ya sauti, hakina mionzi, hakiumi, na hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Altrasaundi huonyesha kama uvimbe una maji au ni nyama ngumu, ukubwa wake na jirani zake. Hata hivyo, iko taarifa moja ambayo lazima iandikwe kwenye majibu ya mtoto mwenye uvimbe wa katikati, nayo ni kama tezi dundumio yenyewe imeonekana mahali pake pa kawaida. Katika watoto wachache, tezi hukwama njiani isishuke, na kile kinachodhaniwa kuwa kifuko huwa ndiyo tezi pekee aliyonayo mtoto. Ikiondolewa bila kujua, mtoto huyo atahitaji kumeza homoni ya tezi kila siku maisha yake yote, na asipoipata ukuaji wa mwili na wa akili utadumaa. Karatasi ya majibu isiyotaja tezi haijakamilika, na mzazi airudishe kwa aliyeandika kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji. Tezi isipoonekana, hufuata kipimo cha damu cha homoni zake na, panapopatikana, picha maalumu inayotumia chembe za mionzi kuonyesha mahali tezi ilipo.

Kwa uvimbe wa ubavuni ulio mkubwa au wenye mfereji mrefu, daktari anaweza kuomba CT au MRI ili aone uhusiano wake na mishipa mikubwa. Kuvuta majimaji kwa sindano nyembamba na kuyapima maabara husaidia pale kifua kikuu au saratani inaposhukiwa. Mtoto mwenye vitundu shingoni pande zote mbili, au mwenye vitundu vya shingo pamoja na vile vilivyo mbele ya masikio, anafaa kupimwa usikivu na kufanyiwa altrasaundi ya figo, kwa kuwa kuna hali ya kurithi inayounganisha viungo hivyo vitatu. Katika hali hiyo ndugu zake nao wachunguzwe.

Daktari bingwa ni nani na hupatikanaje

Watoto hawa hutibiwa na bingwa wa masikio, pua na koo au bingwa wa upasuaji wa watoto, na wote wawili wanafaa kwa kadiri ya uzoefu wao. Njia ya kufikia ubingwa huo ni ndefu, na mzazi anayeijua huelewa kwa nini wataalamu hao ni wachache na kwa nini rufaa huchukua muda. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa udaktari husoma miaka 5 chuoni, kisha hufanya kazi kwa mafunzo ya vitendo kwa mwaka 1 chini ya usimamizi, na kwa kawaida huhudumu kama daktari wa kawaida kwa muda kabla ya kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya ubingwa, ambayo huchukua miaka mingine mitatu hadi minne. Njia nyingine hupitia Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi cha COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho huwafundisha wapasuaji wakiwa kazini katika hospitali za nchi wanachama na kuwatahini kwa mtihani mmoja wa pamoja. Faida ya mfumo huo ni kwamba daktari hujifunza kwa wagonjwa wa nchi yake, wenye kifua kikuu, utapiamlo na rufaa zilizochelewa, badala ya wagonjwa wa vitabuni tu.

Namna ujuzi wa bingwa unavyokomaa inaonekana vizuri katika maisha ya mtu ambaye jina lake bado linatajwa katika chumba cha upasuaji kila mtoto mwenye uvimbe wa mfereji wa tezi anapolazwa mezani. Walter Ellis Sistrunk alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1880, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Tulane mwaka 1906, kisha akafanya kazi ya upasuaji katika Mayo Clinic, mjini Rochester, jimbo la Minnesota. Kabla ya hapo, mwaka 1893, mpasuaji Mjerumani aitwaye Schlange alikuwa ameshauri kuondoa sehemu ya kati ya mfupa wa hioidi pamoja na kifuko, na matokeo yakawa bora kuliko ya kuondoa kifuko pekee, ingawa uvimbe uliendelea kurudi kwa wagonjwa wengi. Sistrunk alielewa kwamba tatizo lilikuwa juu ya mfupa, ambako mfereji ni mwembamba na dhaifu kiasi kwamba anayejaribu kuufuata kwa kisu huukata bila kujua. Katika makala yake ya mwaka 1920 alieleza njia ya kutoufuatilia mfereji peke yake, bali kuondoa nguzo nzima ya nyama inayouzunguka, kutoka kwenye mfupa hadi kijishimo kilichoko nyuma ya ulimi, na mwaka 1928 akarudi kwenye mbinu hiyo kwa maelezo zaidi.

Alifariki mwaka 1933, na upasuaji huo ungali ndio unaofundishwa. Inastahili kuzingatiwa kwamba mchango wake haukutokana na chombo kipya wala dawa mpya, bali na kuwatazama kwa makini wagonjwa ambao upasuaji uliotangulia ulishindwa kuwaponya, na kuutafutia ushinde huo sababu ndani ya elimu ya kiinitete. Bingwa anayefaa kwa mtoto ni yule aliye na tabia hiyohiyo: anayewafuatilia wagonjwa wake baada ya kuwaruhusu na anayejua ni wangapi waliomrudia.

Kwa msingi huo, mzazi anayekutana na bingwa kwa mara ya kwanza anaweza kumwuliza anadhani uvimbe ni wa aina gani na kwa nini, kama tezi imeonekana mahali pake, na kama ukiwa ni wa mfereji wa tezi ataondoa pia sehemu ya kati ya mfupa wa hioidi. Jibu la swali la mwisho lina uzito mkubwa: kifuko kikiondolewa peke yake, uvimbe huweza kurudi kwa karibu nusu ya watoto, lakini kwa mbinu ya Sistrunk iliyofanywa kikamilifu wanaorudi huwa chini ya 10 katika 100. Mzazi asiogope habari ya mfupa kukatwa. Kipande kinachoondolewa ni kidogo, na mtoto humeza, huongea na huimba kama kawaida bila hicho. Aulize pia nani atasimamia usingizi, kwa kuwa kumlaza mtoto kwa nusukaputi ni utaalamu unaojitegemea, na kama majibu yatakuwa yenye wasiwasi, ni afadhali kuomba rufaa ya juu kuliko kuharakisha.

Usajili wa daktari huweza kuthibitishwa kwenye orodha za Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara, na za baraza la madaktari wa tiba na meno kwa Kenya. Rufaa kwa Tanzania hupanda kutoka zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa, na hatimaye ya kanda au ya taifa, kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi au Bugando jijini Mwanza. Barua ya rufaa na kadi ya bima ziandaliwe mapema, na majibu yote ya vipimo yabebwe yakiwa halisi, kwani picha iliyosahaulika nyumbani humrudisha mtoto kwenye foleni upya.

Upasuaji na siku zinazofuata

Uvimbe wa limfu ndio pekee ambao upasuaji huenda usiwe chaguo la kwanza. Vifuko vikubwa vya aina hiyo mara nyingi hutibiwa kwa kuchomwa sindano ya dawa inayokausha na kugandisha kuta zake, kama vile bleomisini au doksisaiklini, na huhitaji kurudiwa zaidi ya mara moja. Vile vidogovidogo vilivyosambaa kwenye ulimi na sakafu ya mdomo ni vigumu zaidi, na siku hizi hutibiwa pengine kwa vidonge vya sirolimasi chini ya uangalizi wa karibu. Wazazi wa watoto hawa wanahitaji kuambiwa ukweli tangu mwanzo, kwamba safari yao ni ya miezi au miaka na kwamba kupungua kwa uvimbe ni ushindi halisi hata kama haujaisha wote.

Kwa aina nyingine, upasuaji hupangwa mtoto akiwa mzima, bila mafua, bila homa na bila upungufu mkubwa wa damu. Asubuhi ya siku hiyo mtoto hatakiwi kula chakula kwa saa 6, kunyonya maziwa ya mama kwa saa 4, wala kunywa maji kwa saa 2 kabla ya nusukaputi, na agizo la hospitali likitofautiana na hili, la hospitali ndilo lifuatwe. Ndugu anayempa mtoto uji kwa huruma wakati mama ameenda kulipia huweza kusababisha upasuaji kuahirishwa, au chakula kuingia kwenye mapafu mtoto akiwa amelala. Kwa hiyo kila aliyeko wodini na aelezwe sababu.

Baada ya upasuaji mtoto hulala hospitalini usiku mmoja au zaidi, mara nyingine akiwa na kijimrija cha kutolea damu iliyobaki. Saa 24 za kwanza ndizo za kukesha. Shingo ikianza kujaa na kukaza, sauti ikibadilika, au mtoto akihangaika kupumua, muuguzi aitwe papo hapo, kwani damu iliyojikusanya ndani huweza kuibana njia ya hewa. Ikiwa hakuna dalili hizo, mtoto huanza kunywa na kula vitu laini siku hiyohiyo au ya pili, maumivu hutulizwa kwa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na kidonda huachwa kikavu kadiri alivyoelekeza daktari. Michezo ya kukimbizana na kurukiana isubiri wiki chache.

Kilichoondolewa hupelekwa maabara ya patholojia, nako hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Gharama ya kipimo hiki huwashawishi baadhi ya wazazi kukiacha, lakini hakifai kuachwa: ndicho kinachothibitisha aina ya uvimbe, na ndicho kinachogundua saratani, ambayo katika mabaki ya mfereji wa tezi hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 100, wengi wao wakiwa watu wazima, na kwa kawaida hutibika vizuri. Mzazi aombe nakala ya majibu hayo pamoja na maelezo ya upasuaji yanayotaja kama mfupa wa hioidi uliondolewa, avihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, na amrudishe kwa bingwa katika tarehe alizopewa hata kama kovu limekauka na mtoto anacheza, kwa sababu uvimbe unaorudi mara nyingi hujionyesha ndani ya mwaka wa kwanza au miwili, na ukigunduliwa ungali mdogo, kabla ya kupata maambukizi, upasuaji wa pili huwa na nafasi nzuri ya kuumaliza.